Hofu ya Kuzungumza Mbele ya Watu na Nafasi ya Klabu za Midahalo Shuleni

Siku ya Jumamosi katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kijana wa kidato cha pili anaweza kusimama juu ya kigoda kando ya meza ya nguo ya mzazi wake, akaita wateja kutwa nzima, akataja bei, akataniana na wapita njia na kumjibu kila anayeomba apunguziwe. Jumatatu asubuhi kijana huyo huyo huambiwa asimame darasani aeleze kwa dakika mbili alichosoma juu ya mzunguko wa maji. Koo humkauka, viganja hulowa jasho, moyo humwenda mbio, na maneno aliyoyajua usiku uliopita humpotea. Mwalimu hudhani hakusoma. Wenzake hucheka. Yeye mwenyewe huamua kwamba kuanzia siku hiyo atakaa nyuma ya darasa, asionekane.

Mfano huu unaonyesha jambo la msingi kuhusu hofu ya kuzungumza mbele ya watu. Kijana huyo hana upungufu wa sauti, wala wa akili, wala wa ujasiri. Hofu yake imefungamana na mazingira fulani: darasa lililonyamaza, macho yaliyomwelekea, lugha asiyoimudu, na uwezekano wa kuchekwa. Kwa kuwa hofu hiyo ilijifunzwa katika mazingira, inaweza pia kupunguzwa kwa kujifunza upya katika mazingira yaliyoandaliwa vizuri. Klabu ya midahalo au ya hotuba shuleni ni mojawapo ya mazingira hayo, na haihitaji fedha nyingi. Hata hivyo, klabu hiyo husaidia ikiwa tu inaendeshwa kwa namna inayopatana na jinsi hofu inavyofanya kazi mwilini.

Kinachotokea mwilini

Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua hatari na kutoa tahadhari kabla mtu hajapata muda wa kufikiri. Sehemu hiyo haitofautishi sana kati ya hatari ya kugongwa na gari na hatari ya kuaibika mbele ya watu. Inapotoa tahadhari, mfumo wa neva wa simpathetiki huamka, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, misuli hukaza, mate hupungua na jasho huongezeka. Mikono na sauti hutetemeka kwa sababu misuli imejiandaa kukimbia au kupigana, ilhali mwenye mwili anatakiwa asimame wima na kuongea.

Baada ya adrenalini hufuata kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutumika duniani kote kupima msongo. Mshiriki hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha hutoa hotuba ya dakika 5 na kufanya hesabu za kichwa kwa dakika nyingine 5, mbele ya jopo ambalo limefundishwa lisitabasamu wala kutikisa kichwa. Kwa watu wengi, kiwango cha kotisoli kwenye mate hupanda kwa kiasi kikubwa. Kotisoli ikipanda ghafla, huweza kuzuia ubongo usikumbuke yale yaliyohifadhiwa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekariri vizuri hujikuta kichwa kitupu mara tu anaposimama.

Jaribio la Trier lina funzo jingine kwa walimu. Watafiti waliotaka kuamsha msongo kwa uhakika hawakutumia vitisho. Walitumia nyuso kavu zisizomjibu msemaji. Darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu asiyeonyesha dalili yoyote ya kuridhika huweza kuunda hali hiyo hiyo bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa nini kukwepa huikuza hofu

Hofu ya mwili haidumu katika kilele chake. Kwa kawaida mapigo ya moyo ya msemaji hupanda sana anapokaribia kuanza na katika dakika ya kwanza, kisha huanza kushuka taratibu akiendelea kuzungumza. Anayekaa chini baada ya nusu dakika huondoka wakati hofu iko juu kabisa. Hupata nafuu ya papo hapo, na ubongo huandika somo lisilo sahihi: "Nimepona kwa sababu nimekimbia." Safari inayofuata tahadhari huja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi.

Anayebaki amesimama hadi hofu ianze kushuka hupata somo tofauti. Ubongo wake hugundua kwamba kilichohofiwa hakikutokea, au kilitokea na kikastahimilika. Somo hilo jipya halifuti lile la zamani, ila hujengwa pembeni yake na kushindana nalo. Kwa sababu hiyo zoezi moja halitoshi, na ni kawaida hofu kurudi baada ya likizo ndefu au mbele ya hadhira mpya. Mwanafunzi anayejua hilo hatakata tamaa akitetemeka tena mwezi wa Januari.

Jambo lingine linalochochea hofu ni imani kwamba kila mtu anaiona. Mwaka 2003 watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wasemaji hudhani wasikilizaji wanaona wasiwasi wao kuliko wanavyouona kwa kweli. Wanafunzi walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walitoa hotuba zilizopewa alama bora zaidi, na wao wenyewe, na hata wasikilizaji. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba wasemaji waliojiambia kuwa wana hamasa walifanya vizuri kuliko wale waliojilazimisha kutulia. Sababu yake inaeleweka: moyo unaokwenda mbio ni vigumu kuushusha kwa amri, bali ni rahisi zaidi kuyapa mapigo yale yale maana nyingine.

Hofu ya jukwaa na hofu ya lugha

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia. Katika shule za sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mchangamfu darasa la saba huweza kuwa bubu kidato cha kwanza, si kwa sababu tabia yake imebadilika, bali kwa sababu kila sentensi sasa imebeba hatari mbili: ya kusimama mbele ya watu, na ya kukosea lugha. Mabadiliko hayo yanakuja pia katika umri wa balehe, wakati ambao macho ya rika huwa na uzito mkubwa kuliko wakati mwingine wowote maishani.

Mzigo wa namna hii hutuliwa kipande kwa kipande. Mwanafunzi ajifunze kwanza kusimama na kuzungumza kwa lugha aliyoizoea. Hofu ya jukwaa ikishapungua, ndipo aongezewe hofu ya lugha. Klabu inayomlazimisha mgeni aanze kwa Kiingereza siku ya kwanza humbebesha mizigo yote miwili, na wengi hawarudi wiki inayofuata.

Ngazi ya klabu

Katika eneo la Upanga na bonde la Jangwani, si mbali na Muhimbili wala Kariakoo, zipo shule za sekondari zinazojulikana nchi nzima: Azania, Jangwani, Zanaki na Tambaza. Wanafunzi wa shule kama hizi hutoka katika mitaa yenye kelele, biashara na maneno mengi. Shule nyingi za sekondari nchini huwa na vipindi vya midahalo alasiri au mwishoni mwa wiki, na katika nyingi zimo pia Klabu za Fema, zinazotokana na kazi ya shirika la Femina Hip lililoanza Dar es Salaam mwaka 1999. Mahali palipo na klabu, tatizo ni kwamba mara nyingi huzungumza wale wale wanaojua tayari kuzungumza, na wengine hupiga makofi. Klabu inayokusudia kuwasaidia wenye hofu inahitaji ngazi yenye vidato vifupi.

Kidato cha kwanza cha ngazi hiyo ni kazi isiyohitaji maneno mengi, kama kutunza muda na kutangaza dakika zilizobaki. Cha pili ni kusoma kwa sauti aya fupi ukiwa umeketi, kisha ukiwa umesimama. Cha tatu ni kughani pamoja na wenzako. Hapa ngonjera ni msaada mkubwa. Mathias Mnyampala, aliyeieneza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliwapa walimu wa Tanzania chombo ambacho thamani yake kiafya haisemwi sana: mwanafunzi husimama mbele ya shule nzima, lakini ana wenzake ubavuni, ana maneno aliyokariri, na ana mahadhi ya kumshika mkono.

Cha nne ni kuunga mkono au kupinga hoja kwa sentensi moja. Cha tano ni hotuba ya dakika mbili kwa Kiswahili, yenye vidokezo kwenye karatasi. Cha sita ni hotuba ya namna hiyo kwa Kiingereza. Cha saba ni kujibu swali papo kwa papo. Cha mwisho ni kuzungumza nje ya klabu, kwa mfano kutoa tangazo mstarini asubuhi. Mwanafunzi hapandi kidato kingine hadi kile alichopo kimemchosha kwa kukizoea. Anaweza kujipimia hofu yake kwa alama kuanzia 0 hadi 10, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na kuziandika kwenye daftari. Alama hizo zikishuka wiki hadi wiki, huwa ushahidi wenye nguvu kuliko sifa za mwalimu.

Historia ya Dar es Salaam yenyewe ina mfano wa ngazi kama hiyo. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926, alikuwa na elimu ndogo ya darasani. Kabla ya kuwa sauti ya wanawake katika TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama kilipoanza kuwatafuta wanawake mwaka 1955, yeye alikuwa amekwisha kuizoesha sauti yake kwenye kundi la watu wanaofahamiana, na vikundi vya ngoma vikawa njia ya kuwafikia maelfu ya wanawake. Waliomsikia baadaye katika mikutano ya hadhara waliona kipaji. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Masharti ya klabu inayojenga

Sharti la kwanza ni kwamba kicheko cha dhihaka kipigwe marufuku, na kiranja wa klabu awe na mamlaka ya kulisimamia jambo hilo. Mwanafunzi mwenye hofu akichekwa siku ya kwanza, ubongo wake hupata ushahidi kwamba hatari aliyoihofia ni ya kweli. Kukosea matamshi au sarufi kusiwe sababu ya kumkatiza msemaji.

Sharti la pili ni hiari. Kumsukuma mtoto jukwaani kwa fimbo au kwa kumtaja ghafla si tiba. Zoezi husaidia pale ambapo mhusika amekubali hatua, anaijua mapema, na anaweza kuikamilisha.

Sharti la tatu ni maoni yenye utaratibu. Klabu za Toastmasters, ambazo mwanzilishi wake Ralph Smedley alianza huko California, Marekani, mwaka 1924, humpa kila msemaji mtathmini wake. Utaratibu huo unaweza kurahisishwa kwa shule: msikilizaji mmoja ataje mambo mawili yaliyofanywa vizuri na moja la kurekebishwa. Wasikilizaji wengine wafundishwe kumtazama msemaji na kuitikia kwa kichwa. Hiyo ni kinyume kabisa cha jopo la Trier.

Sharti la nne ni mwendelezo. Dakika tatu kila wiki kwa muhula mzima hufaa kuliko shindano moja kubwa mwishoni mwa mwaka.

Kabla ya kusimama, mwanafunzi anaweza kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole huamsha upande wa mfumo wa neva unaopunguza mwendo wa moyo. Anywe maji, na aepuke vinywaji vya kuongeza nguvu siku hiyo, kwa kuwa kafeini huongeza mapigo na mtetemeko ule ule anaouogopa.

Hofu inapokuwa ugonjwa

Kuogopa kidogo kabla ya kuhutubia ni hali ya kawaida ya binadamu. Upo, hata hivyo, ugonjwa wa hofu ya kijamii, ambao kwa walio wengi huanza kati ya umri wa miaka 8 na 15. Daktari huufikiria pale hofu inapodumu kwa miezi 6 au zaidi, inapozidi kiasi cha hatari iliyopo, na inapovuruga masomo, urafiki au kazi. Dalili zake ni pamoja na utoro siku za kuwasilisha kazi darasani, kukataa kula mbele ya wengine, kuumwa tumbo au kichwa kila Jumatatu, na kutouliza swali hata unapokuwa na shida kubwa. Watoto kama hao mara nyingi husifiwa kuwa wapole, na ugonjwa wao hukaa miaka bila kutambuliwa.

Ugonjwa huu una tiba. Inayopendekezwa kwanza ni tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili fikra na mienendo, ambayo ndani yake mna mazoezi ya hatua kwa hatua yanayofanana na ngazi iliyoelezwa hapo juu. Baadhi ya wagonjwa huhitaji pia dawa zinazotolewa na kusimamiwa na daktari. Jijini Dar es Salaam huduma za afya ya akili zinapatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili na katika hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala. Klabu ya shule inaweza kwenda sambamba na matibabu hayo, lakini haichukui nafasi yake.

Wahudumu wa afya wanapaswa pia kutofautisha hofu na mambo mengine. Mwenye kigugumizi anaweza asiwe na hofu kabisa. Tatizo lake liko katika mtiririko wa usemi, naye huhitaji muda na mtaalamu wa tiba ya usemi, si kuhimizwa aharakishe. Mtoto asiyesikia vizuri hukaa kimya kwa sababu hakusikia swali. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hata mtu akiwa amepumzika, kuzimia, kupungua uzito, au kuishiwa pumzi anapopanda ngazi za jengo ni dalili zinazotaka uchunguzi wa moyo, damu na tezi ya shingo kabla ya kuambiwa kuwa ni woga. Na kijana aliyekuwa mzungumzaji akanyamaza ghafla aulizwe faraghani na kwa upole juu ya huzuni, kuonewa au ukatili.

Dawa zinazonunuliwa bila ushauri

Baadhi ya watu husikia kwamba ipo dawa ya kuzuia kutetemeka, wakainunua bila kupimwa. Dawa hiyo, propranololi, hupunguza kweli kasi ya moyo na mtetemeko, lakini inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi kuhatarisha maisha yake. Hushusha pia shinikizo la damu, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kuficha dalili za sukari kushuka. Diazepamu huleta usingizi, hudhoofisha kumbukumbu na huzoeleka haraka. Pombe huondoa woga kwa saa chache na kuuacha ubongo bila somo lolote, kwa sababu aliyesimama jukwaani hakuwa mwenyewe. Dawa yoyote ya namna hii itumike kwa ushauri wa daktari aliyemchunguza mgonjwa.

Sauti ya mgonjwa na ya mhudumu

Faida ya klabu ya midahalo haiishii kwenye vikombe na vyeti. Mwanafunzi wa leo ndiye muuguzi wa kesho atakayetakiwa kuripoti hali ya mgonjwa wakati wa raundi wodini, na kusema bila kusita kwamba dozi iliyoandikwa haionekani kuwa sahihi. Ndiye mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayesimama asubuhi mbele ya kina mama waliopanga foleni kliniki, awafundishe dalili za hatari za ujauzito. Ndiye pia mgonjwa atakayeketi mbele ya daktari mwenye haraka.

Mgonjwa anayeogopa kuzungumza huondoka na dawa asizojua namna ya kuzitumia, au huacha kutaja dalili moja iliyokuwa muhimu kuliko zote. Kwa wagonjwa wa namna hiyo mhudumu anaweza kutumia kanuni zile zile za klabu: amtazame, asimkatize, amwachie kimya kidogo, na amwombe arudie kwa maneno yake alichoelewa. Mgonjwa naye anaweza kuandika maswali yake matatu kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani na kuyasoma kama yalivyo, hata sauti ikitetemeka. Kuuliza si ujinga.

Kijana wa Mtaa wa Kongo anahitaji mahali pengine pa kusimama, penye macho machache ya kirafiki, kila wiki, mpaka mwili wake uzoee kwamba darasa nalo ni mahali ambapo anaweza kuita na watu wakamsikiliza. Mwalimu mmoja, chumba kimoja baada ya masomo na saa ya kupimia dakika vinatosha kuanzia.